Nafsi ya Kwanza ya Pandit Umakanta

Kila mwaka wanafunzi wa baba yake walipofika sura ya udondoshaji, Nistarini alifunga vifuniko vya vyungu kwa kamba ya juti. Kijiko kimoja cha shaba kilikwishapotea namna hiyo. Mwanafunzi mmoja kutoka Faridpur, mwenye kifua kipana, alikariri kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwamba kiambishi kikimaliza kazi yake kinaondoka. Kijiko kilikuwa kimemaliza kukoroga dengu. Kikaondoka. Tangu hapo kamba ilitundikwa karibu na jiko, na wiki ile ya udondoshaji watu walikula kwa mikono bila kulalamika.

Nyumba hiyo ilikuwa Sonadanga, katika nchi ya Bikrampur, na chuo kilikuwa banda la nyasi lililopakana na jiko kwa ukuta wa matete. Kisanskriti kilichofundishwa pale hakikupitia ile sarufi kubwa ambayo mtu huianza na ndevu nyeusi akaimaliza na nyeupe. Walitumia sarufi fupi, ya kale, ambayo inasemekana mtaalamu mmoja aliitunga kwa ajili ya mfalme aliyeaibika mbele ya mkewe na hakuwa na muda wa kupoteza. Kila kisicho cha lazima kilitolewa. Kilichobaki kilikuwa kikali, kama mchuzi uliochemshwa mpaka ukashika chini ya chungu, na ndiyo maana kanuni zake hazikuishia kwenye maneno. Wanafunzi wakisoma jinsi vokali mbili zinavyokutana na kuwa moja, mikeka iliyotandikwa karibu ilishikana, na ilibidi ikatwe kwa kisu.

Nistarini aliolewa akiwa na miaka tisa, akafiwa na mume akiwa na kumi na mmoja, akarudishwa kwa baba yake, mtaalamu wa sarufi, Pandit Gourikanta, akiwa amenyolewa nywele na kuvishwa sari nyeupe. Alipewa jiko. Alikula mara moja kwa siku, bila samaki, na siku ya kumi na moja ya kila nusu ya mwezi hakunywa hata maji. Katika kukaa nyuma ya ukuta ule wa matete, akiponda manjano na kukata maboga, aliisikia sarufi yote mwanzo hadi mwisho mara kumi na nne. Baba yake alijua. Akifika mahali pagumu aligeukia ukuta na kupandisha sauti. Siku moja aliuliza swali, wanafunzi wote wakainamisha vichwa, na jibu likatoka jikoni.

"Hata ukuta umeelewa," Gourikanta aliwaambia, "nyinyi je?"

Mama yao alikufa kwa uzazi wa Umakanta, kwa hiyo Nistarini ndiye aliyemlea mdogo wake huyo. Alimlisha, akamwogesha, akamfundisha vitenzi kwa kumbana vidole vya mkono: kidole gumba, ninakwenda, cha shahada, unakwenda, cha kati, anakwenda. Umakanta alikuwa mzito wa kushika, lakini alikuwa na sauti nzuri na mabega ya kupendeza, na baba yao alipofariki, banda na wanafunzi vikawa vyake. Mchwa walikuwa wamekula sura yote ya vitenzi pamoja na maelezo ya mababu wanne pembezoni.

"Dada," alisema Umakanta, "si unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Basi niandikie. Kidogo kidogo, ukipata nafasi."

Akamwandikia. Alitengeneza wino kwa masizi ya taa na kuchonga kalamu ya mwanzi, na kila mchana, vyombo vikishaoshwa, aliandika. Maelezo ya mababu aliyamaliza mwaka wa pili. Baada ya hapo alianza kueleza yale ambayo mababu wenyewe hawakuyaelewa, na hayo yalimchukua miaka kumi zaidi. Umakanta alizichukua karatasi, akawasomea wanafunzi, nao wakaanza kuja kutoka mbali. Nistarini hakuomba kitu. Alidhani kazi yake inajulikana ni yake, kama vile wali unavyojulikana umetoka jikoni.

Asubuhi ya sikukuu ya Saraswati, mungu wa kike wa elimu, watu wa Sonadanga huweka vitabu na kalamu zao zote mbele ya sanamu yake, na siku hiyo nzima ni mwiko kusoma wala kuandika. Nistarini alikwenda kupanga maua ya haradali. Juu ya rundo la vitabu aliona kitabu kipya, kilichopigwa chapa Dhaka, kina jalada jekundu. Macho hayana breki. Alisoma herufi za jalada kabla hajakumbuka mwiko. Ulikuwa ufafanuzi wa sura ya vitenzi, umetungwa na Pandit Umakanta.

Alingoja hadi kesho yake, kwa sababu mwiko ni mwiko. Kesho yake alikaa chini akakisoma chote. Hakuna nukta iliyobadilishwa. Kilichoongezwa ni utangulizi tu, na katika utangulizi kulikuwa na sentensi hii: "Kazi hii nimeifanya mimi peke yangu, kwa miaka kumi na miwili, bila msaada wa mtu."

Alimkuta Umakanta ukumbini akipakwa mafuta ya haradali mgongoni na mkewe, Shailabala.

"Uma, hiki ni nini?"

"Aa, umekiona! Nilitaka kukushtukiza. Karatasi nzuri, eh? Ya Kalkata hiyo."

"Jina langu liko wapi?"

Umakanta alicheka, bila ubaya. "Dada yangu, jina lako tungeliweka wapi? Juu ya jalada? Mapandit wakubwa wa Nabadwip wakiona jina la mjane watazichana karatasi zake wafungie dawa za kikohozi."

"Ndani, basi. Mstari mmoja."

"Ili waseme nimefundishwa na jiko?"

"Umefundishwa na jiko."

Shailabala aliacha kupaka. "Wifi, jamani. Unakula hapa, unalala hapa, nani amekunyima nini? Wajane wengine wako Kashi, mji wa mahujaji, wanaombaomba barabarani."

"Haya, nieleze wewe mwenyewe kanuni ya arobaini na moja," Nistarini alimwambia mdogo wake. "Kwa nini silabi ile inarudiwa? Nieleze hapa, mbele ya mkeo."

Umakanta alitazama mafuta yakimtiririka mkononi. Kisha akasema, kwa sauti ile ile nzuri, "Wewe ulipanga viambishi tu, dada. Kitabu nimekitengeneza mimi. Nenda kaangalie wali usiungue."

Wali haukuungua. Nistarini aliuepua, akaupakua, akawatazama wakila. Kitu kilikuwa kimetulia kifuani mwake, kizito na baridi kama jiwe la kusagia, naye aligundua kwamba hakina uchungu hata kidogo. Kilikuwa chuki, na alikipenda.

Siku ya kumi na moja ilipofika, siku ya kutokunywa maji, nyumba nzima ililala baada ya chakula cha mchana. Nistarini alikaa jikoni, midomo imekauka, akachukua karatasi na kutunga kanuni mbili. Katika sarufi ile kanuni nzuri haizidi pumzi moja. Ya kwanza ilisema: *Kwa Umakanta, nafsi ya kwanza hudondoka.* Ya pili ilisema: *Mahali pake, yeye, wa kike.* Alizipima kwa sikio. Alitafuta kama zinagongana na kanuni nyingine yoyote ya sarufi, akaona hazigongani. Aliiingiza karatasi katika sura ya vitenzi, mahali pake panapostahili, akainamisha kichwa kwenye nguzo, akapumzika. Kanuni zilikuwa sahihi, kwa hiyo zilifanya kazi.

Jioni Umakanta aliamka na kumwambia mkewe, "Ana njaa."

"Nani?"

"Yeye."

"Yeye nani, mume wangu? Kuna mgeni?"

Umakanta alijigonga kifua. "Yeye! Anataka wali!"

Shailabala alichungulia nje, akamwona mzee wa jirani amekaa kibarazani kwake, akampelekea sahani. Mzee alishukuru, akala. Umakanta alilala na njaa.

Katika lugha ya nyumbani kwao, kama katika hii yetu, mtu akisema "anakwenda" husikii kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo walichogundua watu ni kwamba Pandit ameacha kusema "mimi", basi. Alipokwenda kivukoni akamwambia mwenye kivuko, "Anataka kuvuka," mwenye kivuko alimjibu, "Sawa, na aje," akakaa kungoja. Walingoja pamoja hadi adhuhuri. Mtu hakuja, na kivuko kikaondoka.

Nistarini hakumwonea huruma. Wakati wa chakula alisimama mlangoni na kikopo mkononi, akauliza kwa upole, "Nani anataka chumvi?"

"Anataka yeye," Umakanta alisema, macho chini.

"Mpelekee mwenyewe, basi," alisema Nistarini, akakirudisha kikopo rafuni.

Mwezi wa pili tangu kanuni zile ilikuja siku ya kumkumbuka baba yao. Mwana wa kiume ndiye hukaa ukingoni mwa bwawa, akamimina maji na kuweka donge la wali, akisema kwa Kisanskriti, mimi, mwanao, nakupa haya. Binti haruhusiwi. Nistarini alitazama kutoka nyuma ya migomba. Kuhani, ambaye sikio lake moja lilikwisha kufa, alitamka maneno, na Umakanta akayarudia. Katika Kisanskriti, mwanamume na mwanamke hawafanani mwishoni mwa neno. Mdomo wa Umakanta ulisema: yeye, binti yako, anakupa haya.

Miaka mingine kunguru, ambao wafu huja kula kwa midomo yao, walikuwa wakilizungukazunguka donge hilo mpaka kuhani anachoka. Mwaka huo kunguru mmoja alishuka kabla maji hayajakauka, akala donge lote, akafuta mdomo kwenye jiwe mara mbili, kushoto na kulia, kama alivyokuwa akifanya marehemu kwa masharubu yake. Kisha akatazama migomba kwa muda. Nistarini alikunja mikono, akainama. Kunguru akaruka zake.

Bwana mwenye ardhi wa Malkhali alifiwa na mama yake mwishoni mwa mvua, na kwa heshima ya marehemu alialika mapandit arobaini na mmoja. Desturi ya mikusanyiko hiyo ni kwamba wataalamu hubishana mbele ya watu, na anayeshinda hupewa shali na jina la sifa. Kitabu chenye jalada jekundu kilikuwa kimesomwa kila mahali. Umakanta hakutaka kwenda, lakini kusema "sitaki" hakuweza. Alisema "hataki", na Shailabala akajibu, "Asiyetaka abaki, wewe twende." Wanawake wa nyumba walipanda gari la ng'ombe pamoja naye. Nistarini alivaa sari yake nyeupe iliyofuliwa. Njia nzima alikuwa akihesabu viambishi moyoni, na kila kimoja kilimpa raha.

Wanawake walikaa nyuma ya pazia la mianzi. Umakanta aliketishwa mbele ya pazia hilo, karibu sana, hata Nistarini aliweza kuhesabu mikunjo ya shingo yake. Mkubwa wa mkutano alikuwa Mzee Ramtaran, kipofu, ambaye alikuwa amesomewa kitabu kile mara tatu.

"Mwanangu," alianza kwa Kisanskriti, "mimi nimezeeka katika vitenzi. Sikuwahi kuelewa kanuni ya arobaini na moja mpaka niliposomewa kazi hii. Niambie kwa mdomo wako. Nani aliitunga?"

Umakanta alitaka kusema, niliitunga mimi.

"Aliitunga yeye," alisema. Na kiambishi cha mwisho kilitoka wazi, cha kike, hakina utata, mpaka kasuku wa Bwana aliyekuwa kwenye tundu aligeuza kichwa.

Mapandit walianza kunong'onezana.

"Yeye mwanamke?" aliuliza Mzee Ramtaran.

"Nimekosea, niliitunga mimi," Umakanta alitaka kusema. Ikatoka: "Amekosea. Aliitunga yeye."

"Mwanamke huyo yuko wapi?"

Nyuma ya pazia, Nistarini alishika mianzi kwa vidole vyote kumi. Alikuwa amelingoja swali hili kwa miezi saba. Jiwe la kifuani mwake lilipata joto.

Jasho lilimtiririka Umakanta hadi kwenye kitambaa cha begani. Alinyoosha mikono miwili kuonyesha mwili wake, akitaka kusema, ni mimi huyu, niko hapa mbele yenu, na kinywa chake kikasema, "Yupo hapa, mbele yenu."

Mzee Ramtaran alisimama. Alikuwa hajasimama bila kushikwa kwa miaka minne. Machozi yalishuka kutoka kwenye macho yasiyoona. "Mmesikia?" alisema. "Mtu ametunga kazi kama hii, na hadai hata silabi. Anasema Saraswati mwenyewe ndiye aliyeitunga. Anasema yumo humu ndani!"

Mapandit arobaini waliinuka pamoja, wakakunja mikono, wakalala kifudifudi kuelekea alipokaa Umakanta, kuelekea pazia. Nistarini aliwaona kupitia matundu ya mianzi: migongo arobaini, visogo arobaini, mikia arobaini ya nywele iliyofungwa fundo. Vipaji vya nyuso zao vilikuwa umbali wa mkono mmoja tu na miguu yake.

Mke wa Bwana alimgusa begani.

"Mama mjane, hebu sogea kule ukutani," alinong'ona. "Usimzibie njia mungu."

Akasogea. Wanawake waliacha wazi mahali alipokuwa ameketi, wakapatandika kitambaa cha hariri na kuweka maua.

Umakanta alirudi na shali, mwavuli wa hariri na jina la sifa linalomaanisha Mnyenyekevu wa Usemi. Chapa ya pili ya kitabu ilitoka kabla ya baridi. Alijaribu kuandika utangulizi mpya, lakini kalamu nayo ilifuata kanuni, ikaandika "aliifanya yeye peke yake", na mpiga chapa wa Dhaka, mtu mwenye adabu, alilichora neno "yeye" kwa herufi kubwa na kulizungushia maua ya mayungiyungi. Wanafunzi wakaanza kumwiga mwalimu wao. Walijisema "yeye" mbele ya wazazi wao, na ilionekana ni alama ya kusoma sana.

Umakanta alikuja jikoni mchana mmoja wa kufunga, peke yake, bila shali. Alikaa chini kwenye majivu.

"Dada," alisema. "Amechoka."

"Nani?"

"Usifanye hivyo. Unajua nani." Alijibana kidole gumba, kile cha *ninakwenda*, akakibana mpaka kikawa cheupe. "Akiota, hayumo ndotoni. Anaona watu, anaona bwawa, lakini yeye mwenyewe hayumo. Mfungulie."

Nistarini alikuwa akichambua ua la mgomba. Alimtazama yule mtoto aliyemlea, mabega yake yameanza kushuka, na kwa muda kidogo mkono wake ulitaka kumgusa kichwa. Hakumgusa.

"Uma, nimekuondolea neno moja tu," alisema. "Mimi. Majina sikuyagusa. Jina langu liko mdomoni mwako, zima, silabi zake zote nne. Ulikuwa nalo kivukoni. Ulikuwa nalo kule Malkhali, Mzee alipokuuliza yuko wapi. Hakuna kanuni inayokuzuia kulisema. Liseme mbele ya watu mara moja, na mimi nitaichana karatasi siku hiyo hiyo."

Umakanta alifungua mdomo. Alikaa hivyo, ulimi ukionekana, kwa muda ambao mtu angeweza kulisema jina hilo mara ishirini. Kisha akaufunga. Alisimama, akapangusa majivu, akatoka, na baada ya kitambo sauti yake nzuri ilisikika bandani ikisoma kanuni ya arobaini na moja, na wanafunzi wakiitikia.

Nistarini aliendelea kuchambua. Karatasi ilibaki mahali pake.

Mwaka wa kuhesabu watu, karani alifika Sonadanga na daftari na chupa ya wino iliyofungwa kiunoni. Alikuwa mwalimu wa shule ya watoto, Haricharan, na alimwogopa Pandit kidogo. Alikaa ukumbini, akakubali maji na kashata, akamwandika Umakanta jina, umri na tabaka.

"Kazi yako, Pandit bwana?"

"Anaandika vitabu," alisema Umakanta.

Haricharan alitabasamu, maana hata huko shuleni walikwishaizoea lugha hiyo, akaandika mbele ya jina la Umakanta: mwandishi wa vitabu. Akafungua mstari mwingine. "Na huyu mama hapa mlangoni?"

"Huyo ni wifi yangu, mjane," alisema Shailabala. "Yupo tu. Hana kazi."

Karani akaandika hivyo. Umakanta alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

"Mwalimu," Nistarini alisema kutoka mlangoni, "hebu rudia. Mdogo wangu amesemaje?"

"Amesema, 'Anaandika vitabu.'"

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo, mama, neno kwa neno."

"Basi kweli tupu," alisema Nistarini.

Haricharan alidhani dada anamsifu mdogo wake. Alitikisa kichwa kwa heshima, akapuliza wino ukauke, akaenda nyumba ya pili.